Upande wa Nkongolo

Abdias Biuma alipostaafu kazi ya reli pale Kamina, mwishoni mwa mwaka wa tisini na tatu, alipigiwa makofi, akaombewa sala ndefu, kisha akaambiwa aiache nyumba ya kampuni kabla mvua hazijakolea. Ndivyo walivyo wenye kazi: nguvu zako wanazitaka, uzee wako wanakuachia mwenyewe. Abdias hakulalamika. Alikuwa seremala, maisha yake yote ametengeneza viti na milango ya mabehewa, na alikuwa na parseli yake, kiwanja ng'ambo ya reli, yenye nyumba ya vyumba viwili na karakana. Kilichomtesa kilikuwa hiyo karakana.

Kwanza, ilikuwa kubwa kuliko nyumba. Pili, nusu yake haikuwa yake. Ilikaa juu ya mpaka, upande mmoja kwake, upande mwingine kwenye parseli ya jirani, na jirani huyo alikuwa Nkongolo, seremala mwenzake, mtu wa Kasai. Walikuwa wamechukua parseli hizo pamoja wakiwa bado na nywele nyeusi, wakakubaliana kwamba wakistaafu watataka nyumba ndogo na karakana kubwa, washinde humo wakibishana, na wake zao wawaletee ugali wa bukari na samaki. Katikati walijenga meza moja ya kazi, ndefu, ya mti wa mulombwa, miguu yake wakaizika kwenye saruji. Jiriwa ya Abdias ya kubania mbao ilifungwa mwisho wa kulia. Ya Nkongolo ilifungwa mwisho wa kushoto, kwa sababu Nkongolo alitumia mkono wa kushoto, na kwa ajili ya mkono huo waligombana maisha yote.

Mapema mwaka huo wa tisini na tatu, Wakasai walipofukuzwa Katanga warudi kwao, Nkongolo na mkewe Albertine walilala kituoni wiki baada ya wiki pamoja na wenzao, wakingoja treni. Abdias aliwapelekea maji na unga. Treni ilipokuja, Nkongolo alining'inia mlangoni mwa behewa la mizigo akapiga kelele, "Abdias! Upande yangu usiiguse! Nitarudia kumaliza ile ubao!" Maana alikuwa ameacha ubao kwenye jiriwa yake, ameupiga randa nusu tu.

Tangu siku hiyo hapakuja neno. Wezi walibeba mabati na milango ya upande wa Nkongolo, majani yakaota mpaka ndani, lakini ubao ule hakuna aliyeuondoa. Na saa sita mchana, jua likiwa kali na watu wamejificha kivulini, randa ilisikika huko. Ilikuwa inakwenda polepole, inanyamaza kama mtu anayeangalia kazi yake, halafu inakwenda tena. Abdias alikuwa kiongozi wa darasa kanisani, Mmetodisti wa kuzaliwa, na mambo ya mizimu aliyakemea hadharani. Aliposikia randa alikohoa kwa nguvu. Hulda, mkewe, aliimba wimbo wa kanisa hadi inyamaze. Miaka mitano wakakohoa na kuimba, na hakuna aliyemwambia mwenzake kwa nini.

Ila Abdias alikuwa ameuangalia ubao ule. Sehemu yenye mikwaruzo ilikuwa inapungua kila mwaka. Aliogopa sana, akajiambia ni mvua inayoulainisha, kana kwamba hajui mvua hufanya nini kwenye mbao.

Basi mwaka wa tisini na nane vita vikaanza tena. Ndege za askari zikawa zinatua kambini mchana kutwa, na Noé, dereva wa treni, akaleta salamu za binti yao Talitha aliyeolewa Kabalo: yuko njiani na watoto, mume amebaki nyuma. Hapo Hulda akaweka mikono kiunoni.

"Baba Talitha, batoto batalala wapi?"

Jibu lilikuwa wazi hata kwa kipofu. Upande wao wa karakana ulikuwa na bati zuri na sakafu ya saruji. Kilichokosekana ni ukuta wa kuuziba pale kwenye mpaka, uliobaki wazi kwa majani na kwa askari wapitao. Ukuta ukisimama, wangepata chumba kikubwa cha Talitha na watoto, na kona ya Abdias kufanyia kazi zake za uzee. Lakini ukuta kwenye mpaka ungepita katikati ya meza.

Abdias akachukua vigingi na kamba, akapima. Kesho yake akapima tena. Mara kamba ilisogea huku, karakana ikawa kubwa na chumba chembamba kama ushoroba wa behewa. Mara ilizunguka meza ikapinda kama mto. Fundi aliyenyoosha milango ya treni nzima akawa hawezi kunyoosha kamba moja!

Hulda alisimama akaitazama kamba hiyo. "Hii njo chumba ya batoto ao ya kuku?"

"Minyi niko natafuta kipimo ya muzuri."

"Kipimo iko moya tu, pa mupaka. Weye unajua."

"Pa mupaka kuko meza. Tulisemaka na Nkongolo, haitakatwa."

"Na Nkongolo eko wapi?" Hulda hakuuliza kwa ubaya. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka kuimba. "Tunamungoja na karakana ya bantu babili, meza ya bantu babili, sala kila jioni. Batoto bako mu treni, Baba Talitha. Batoto bazima."

Abdias akaanza kuikunja kamba. Kila jioni alimwombea Nkongolo kama anavyoombewa msafiri, Mungu amlinde njiani na amrudishe. Kuikata meza kulikuwa kama kuacha sala hiyo katikati. Kulikuwa kusema kwamba hakuna anayerudi, na yeye hakuwa amemwona Nkongolo akifa, hakuwa amemzika, wala hakuna aliyemletea habari. Atamzikaje mtu ambaye huenda yuko mahali fulani anakula chakula chake? Na asipokata, Talitha atalaza watoto wapi mvua ikinyesha? Alilia kidogo kwa hasira, peke yake, kisha akaenda kuushusha msumeno mrefu kutoka darini.

Msumeno ule ni wa watu wawili, una mpini huku na mpini kule, na una sheria moja: unavuta, husukumi. Ukisukuma, bamba lake linapinda na kukwama. Unavuta zamu yako, unalegeza mkono, mwenzako naye anavuta yake. Kidole kimoja hakivunji chawa, na kwa mulombwa mkavu wa unene ule hapakuwa na msumeno mwingine wa kufaa. Hulda akafunga kitenge chake vizuri, akavuka mpaka, akasimama upande wa Nkongolo.

"Usisukume," Abdias akamwambia. "Vuta, halafu uache."

Hulda alisukuma. Msumeno ukakwama. Wakaunyoosha, wakaanza tena, akasukuma tena, wakacheka kidogo. Baadaye mkono wake ukaelewa, na vumbi jekundu likaanza kumwagika sakafuni. Walikuwa wamefika karibu nusu ya meza harufu ilipotoka jikoni.

"Maharagi!" Hulda akauachia mpini, akakimbia.

Abdias akabaki ameinama na mpini wake mkononi, akipumua. Jua lilikuwa utosini. Alikuwa hajauvuta msumeno, alikuwa ameushika tu, ndipo ukaondoka mkononi mwake, taratibu, ukaenda upande wa pili mpaka mwisho.

Alifikiri Hulda amerudi. Akavuta zamu yake bila kuinua macho, akalegeza mkono. Msumeno ukaenda tena. Akainua macho. Upande wa pili palikuwa na majani na mwanga wa jua, na mpini ukitetemeka peke yake.

Lakini hakuwa na haja ya kuona, maana mkono wake ulikuwa umekwisha kumjua. Nkongolo, kwa sababu ya mkono wake wa kushoto, kila akimaliza kuvuta aliupindisha msumeno kidogo kwa nje, na mstari ukaanza kwenda kombo. Abdias alimtukana kwa jambo hilo tangu ujana, na alijifunza kuurudisha kwa kuukandamiza kwa kidole gumba. Sasa ulivutwa, ukapindishwa pale pale mwishoni, na kidole gumba cha Abdias kikakandamiza chenyewe.

Hapo akaelewa, na moyo ukamwuma kuliko hofu. Mtu aliye hai huko Kasai hawezi kuvuta msumeno Kamina. Kama ni Nkongolo, basi amekufa, na miaka mitano ya sala ilikuwa ya bure. Angeweza kuuachia mpini. Angeuachia, angekimbilia jikoni, angesema ni uchovu na jua, na jioni angemwombea tena msafiri wake. Alitaka sana kuuachia.

"Ndugu yangu," akasema, "unapindisha."

Akavuta. Akalegeza. Ukavutwa. Alilia kwa sauti sasa, mzee mzima, kamasi zikimchuruzika, na hakuacha kuvuta, kwa sababu mwenzake hakuacha. Mulombwa ukalia mara ya mwisho, meza ikatengana, na msumeno ukalala chini bila uzito wowote upande wa pili.

Akavuka mpaka. Ubao kwenye jiriwa ya kushoto ulikuwa laini toka mwanzo hadi mwisho. Akaufungua, akaubeba kifuani.

Hulda alirudi na mwiko mkononi, akaiona meza imekwisha kukatwa. Akamtazama mumewe, akautazama mpini wa pili.

"Tandika mukeka inje," Abdias akasema. "Tuko na kilio."

"Kilio ya nani?"

"Ya Nkongolo."

"Nani ameleta habari?"

"Yeye mwenyewe. Ameniletea mu mukono."

Hulda hakubisha, maana alikuwa na miaka mitano ya nyimbo kifuani. Aliutandika mkeka kwenye majani, upande wa Nkongolo, akafungua kilemba, akaanza kumlilia kwa jina. Majirani wakasikia, wakaja mmoja mmoja kukaa, kama inavyopasa, na jina lile la Mkasai ambalo mtaa mzima ulikuwa unaogopa kulitaja likaliliwa hadi jua likazama. Randa haikusikika tena saa sita, siku ile wala nyingine.

Talitha alipofika na watoto, ukuta ulikuwa umesimama, umenyooka kwenye mpaka. Ubao ule Abdias alikuwa ameufanya ubavu wa kitanda cha watoto. Chumba chao kilikuwa kikubwa, wakakikimbilia kwa kelele. Yeye alijibakizia kona yenye kipande cha meza na jiriwa moja, ya kulia. Talitha akaiangalia, akamwonea huruma baba yake, akauliza kama haimbani.

"Hapana," Abdias akasema. "Ya muntu moya inatosha."