Kisima cha Isangwe

Evarista Kalinga alikuwa ameinama kwa mwanamke anayejifungua aliposikia kishindo. Hakikuwa kikubwa. Kilikuwa kizito na cha chini, kikapita miguuni kabla ya kufika masikioni, na chupa za dawa zikagongana kwenye rafu. Kikafuata kimya kifupi, halafu wanaume wakaanza kupiga mayowe.

Alijua mayowe yanatoka wapi. Kisima kilikuwa kinachimbwa nyuma ya zahanati, karibu kabisa na dirisha. Na aliyeteremka shimoni asubuhi ile alikuwa Lutengano, mume wa huyu aliyelala mbele yake, ameshika chuma cha kitanda kwa mikono miwili.

"Dada, kuna nini huko?" Damari aliuliza, jasho likimtiririka shingoni.

"Wanaume na kelele zao. Wewe nisikilize mimi. Uchungu ukija tena, sukuma."

Alishangaa jinsi uongo ulivyomtoka kwa urahisi.

Evarista alikuwa Mhehe wa Iringa, binti wa watu wa milimani, kwao maji yalikuwa kijito kinachopita nyuma ya nyumba. Alisomea ukunga misheni. Mwaka wa hamsini na tano ilitangazwa kanisani kwamba kuna kijiji upande wa Chunya kinaitwa Isangwe, kina zahanati lakini hakina mkunga, wala kanisa halina mshahara wa kumlipa. Anayeweza kujitolea ajitokeze. Evarista alisimama. Mama yake alilia njia nzima hadi kituo cha basi. "Huko kwa watu nani atakuzika?" alimuuliza, na binti alicheka.

Isangwe alimkuta mtu mwingine aliyejitolea kutoka mbali zaidi, kijana wa Kidenmark mwenye nywele kama mashuke ya mahindi, fundi wa visima. Jina lake lilikuwa Nils, na wanakijiji walimwita Bwana Nilsi. Hakulipwa chochote zaidi ya posho. Kiswahili chake kilikuwa cha kitabuni, na alikuwa akimsalimia hata mtoto mdogo "shikamoo" mpaka Lutengano alipomrekebisha, huku wote wawili wakiangua kicheko.

Huyo Lutengano alikuwa Mnyakyusa aliyekuja Chunya ujana wake kutafuta dhahabu. Dhahabu ilipokwisha wenzake wakarudi kwao Rungwe, yeye akabaki akilima tumbaku. Bwana Nilsi alipotafuta wachimbaji, Lutengano alikuwa wa kwanza kuja na sururu yake begani.

Kazi ilikwenda vizuri hadi kiangazi kilipozidi. Mto ulikauka wote. Wanawake walifukua mashimo kwenye mchanga wake na kuchota tope walilogombea na ng'ombe. Kuhara kukaingia. Kila wiki Evarista alifunika uso wa mtoto wa mtu. Aliwaambia mama zao wachemshe maji, nao walimtazama tu, kwa sababu maji ya kuchemsha yenyewe hayakuwapo.

Kisima kilikuwa kimefika kina kirefu na udongo umeanza kuwa na unyevu. Lakini mbao za kuzuia kuta zilikwisha katikati. Lori la kuleta nyingine kutoka Iringa lilikuwa limeharibika njiani, huko Igawa, likisubiri kipuri. Bwana Nilsi alitaka wangoje. Evarista ndiye aliyesema hawawezi kungoja.

"Wiki hii nimezika wawili," alimwambia. "Ukisubiri mbao, tutazichongea majeneza."

Bwana Nilsi akamtazama Lutengano. Lutengano akasema mgodini alishuka mashimo marefu kuliko hilo bila hata ubao mmoja. Basi wakakubaliana, wote watatu. Na asubuhi ile uchungu ulipompata Damari, na Lutengano akawa anazungukazunguka mlangoni kama kuku anayetafuta pa kutagia, Evarista alimfukuza mwenyewe. "Hapa huna kazi, shemeji. Nenda kachimbe."

Mtoto alitoka muda mfupi baada ya kishindo kile. Wa kike, mwembamba, mwenye sauti kali. Evarista alimkausha kwa kitambaa, akamlaza kifuani kwa mama yake, akangoja kondo la nyuma. Halikuja. Ilikuja damu.

Hapo ndipo Bwana Nilsi alipotokea mlangoni. Alikuwa mwekundu kwa udongo kuanzia nywele hadi viatu. Evarista akamtoa nje haraka kabla hajafungua mdomo.

"Ukuta umeanguka," alisema kwa kunong'ona. "Lutengano yuko chini. Lakini anaishi! Anasema. Miguu yake imekamatwa. Tunatoa udongo kwa vikapu. Sista, watu wanaanguka kwa jua. Naomba maji."

Maji yote ya Isangwe, yanayofaa kuitwa maji, yalikuwa kwenye pipa la zahanati. Evarista alifunua kifuniko. Chini kabisa palikuwa na kiasi kisichojaza ndoo.

"Mke wake anavuja damu," alisema. "Inabidi niingize mkono nimtoe kondo. Nikiingiza mkono mchafu nimemuua."

"Na wao bila maji hawachimbi."

Walitazamana juu ya lile pipa. Ndani alikuwa mke, nje alikuwa mume, na kila kata ambayo angempa mmoja angemnyang'anya mwingine. Hakukuwa na mtu wa kumuuliza. Akachukua kata, akajaza sufuria yake ndogo, yaliyobaki akayamimina kwenye ndoo na kumsukumia Bwana Nilsi.

"Wape. Halafu washa gari uende Chunya. Lete maji, lete boriti za mgodini, lete watu wanaojua mashimo."

"Siwezi kumwacha. Mimi nilimwambia shuka."

"Sote tulimwambia!" Evarista alipaza sauti mara ya kwanza siku ile, kisha akaishusha. "Sote, Bwana Nilsi. Lakini gari unaliendesha wewe peke yako. Ukikaa hapa kulililia shimo, utawaua wote wawili. Nenda!"

Alikwenda. Landrova iliondoka ikiwa imefunikwa na vumbi lake yenyewe.

Evarista alichemsha yale maji, akanawa hadi kiwikoni, na kuomba huku ananawa. Alilofanya baadaye alikuwa amelifanya mara moja tu, misheni, sista mkuu akiwa ameshika bega lake. Damari alipiga kelele moja, kisha akauma kanga. Kondo likatoka. Damu ikaendelea, ikapungua, ikaendelea tena. Evarista alikandamiza tumbo lake kwa ngumi akihesabu pumzi zake mwenyewe, na hatimaye ikawa inadondoka tu. Uso wa Damari ulikuwa umekauka kama majivu.

"Kiu," alisema.

Maji yaliyobaki kwenye sufuria yalikuwa yamechanganyika na damu. Evarista alilowesha kitambaa kwa chai ya asubuhi iliyobaki kikombeni, akamkamulia mdomoni.

Kwenye utulivu ule sauti ikaingia dirishani. Ilikuwa ya Kasian, mwenzake Lutengano, aliyelala kifudifudi ukingoni mwa shimo. "Lutengano! Upo? Nijibu, ndugu yangu! Lutengano!"

Damari akafumbua macho. "Dada, wanamwita mume wangu."

Evarista akasogea kufunga dirisha.

"Wanamwita kama anavyoitwa mtu aliye mbali. Yuko wapi?"

Evarista akakaa kando ya kitanda, akamwambia. Hakumficha kitu. Alingoja kilio, na akaogopa kwamba kilio kile kingeirudisha damu. Lakini Damari hakulia. Alimtazama mtoto kifuani, akamtazama tena mkunga.

"Nenda kamwambie amezaliwa. Mwambie ni wa kike, na mimi mzima."

"Damari..."

"Nenda, dada. Usimwambie kwamba sijiwezi."

Evarista alitoka kwenye jua. Wanaume walikuwa wamepanga mstari kutoka ukingoni, wakipokezana vikapu. Wengine walikuwa wamekaa chini wamefumba macho. Alipiga magoti kando ya Kasian, akainama kwenye giza lile lenye harufu ya udongo mbichi.

"Shemeji! Ni mimi, Evarista. Mkeo amejifungua. Mtoto wa kike. Wote wazima!"

Muda mrefu ukapita. Kisha sauti ikapanda kutoka chini, nyembamba, kama ya mtu anayeongea akiwa amefunikwa blanketi.

"Ndaga," ilisema. Asante. Halafu, baada ya kukohoa, "Mwiteni Sekela."

Kasian, aliyekuwa anakijua Kinyakyusa kidogo, alifuta uso kwa kiganja. "Anasema aitwe Furaha," aliwaambia wengine, na wakarudi kushika vikapu vyao.

Landrova ilirudi jua limepita utosini, imebeba mapipa ya maji, boriti, na wazee wawili wa mgodini. Watu walikunywa wakiwa wamesimama, hawakuvuta hata pumzi. Wale wazee walikita boriti moja baada ya nyingine wakishuka, na Bwana Nilsi aliteremka nyuma yao bila kuuliza mtu. Alasiri wakamtoa Lutengano kwa kamba.

Alikuwa hai. Kijiji kizima kilipiga vigelegele. Miguu yake ilikuwa imevimba na kubadilika rangi, lakini alikunywa maji kikombe kizima, akamshika mwanawe kidole, na akamwambia Bwana Nilsi, "Shikamoo." Bwana Nilsi alicheka na kulia kwa wakati mmoja. Evarista pia alidhani mabaya yamekwisha.

Walimlaza kwenye godoro ndani ya gari kumpeleka hospitali ya Mbeya. Damari alikataa kubaki. "Nimelala vya kutosha," alisema, na kwa kuwa hakuna aliyekuwa na nguvu za kubishana naye, wakamweka upande mmoja, mumewe upande wa pili, na Evarista katikati akiwa na mtoto.

Barabara ya Chunya inapanda milima kabla ya kushuka Mbeya. Kadiri walivyopanda, vumbi lilibaki nyuma, ukungu ukaingia na baridi ikawapiga ghafla. Lutengano alianza kuhema vibaya. Hakuwa analalamika. Alisema anasikia baridi, na Damari akavua kanga yake ya juu akamfunika. Evarista alimshika kifundo cha mkono. Mapigo yalikuwa yanakwenda na kusimama, yanakwenda na kusimama, kama mtu aliyechoka kupanda mlima. Aliyaombea. Akayabembeleza kwa kidole gumba. Mwanga wa jioni ulipokuwa unakwisha juu ya misitu, hayakurudi tena.

Aliendelea kumshika.

"Mwambie Bwana Nilsi asikimbize gari," Damari alisema taratibu. "Hakuna haraka tena." Akavuta ile kanga, akamfunika mumewe hadi usoni.

Daktari wa Mbeya alisema miguu iliyobanwa muda mrefu hivyo, ikiachiwa, humwaga sumu kwenye damu. Kesho yake mchana kaka yake Lutengano alifika Mbeya kutoka Rungwe kuchukua maiti. Aliitwa Andendekisye, mtu mrefu mwenye koti lililobana mabegani. Aliwakuta Evarista na Bwana Nilsi wamekaa nje ya hospitali kwenye ngazi. Walisimama. Bwana Nilsi alijaribu kusema, Kiswahili kikamkimbia chote.

"Tuliambiwa ninyi ni watu wa kujitolea," Andendekisye alisema. Hakupaza sauti. "Wewe umejitolea mwaka wako mmoja. Huyu dada amejitolea mshahara wake. Mdogo wangu alijitolea nini? Niambieni, nikamwambie mama."

Aliwangoja kwa adabu, kama mtu aliyeuliza njia. Kisha akageuka akaenda kumsaidia shemeji yake kupanda lori, na Damari akapita mbele yao na mtoto mgongoni. Alimshika Evarista mkono, akauminya kidogo, akauachia. Hiyo ndiyo mara ya mwisho walipoonana.

Bwana Nilsi alitaka kwenda zake. Alisema hapohapo kwenye ngazi kwamba atapanda basi, atatafuta meli, atarudi kwao, na kile kisima kifukiwe. Evarista alimwacha aseme mpaka akaishiwa.

"Mimi pia nataka kwenda kwetu," alimwambia. "Basi la Iringa linapita palepale. Lakini nimeacha watoto watatu wanahara, na pipa limebaki tupu."

Walirudi Isangwe. Evarista alitegemea kukuta kijiji kimekaa matangani. Aliwakuta wanaume shimoni. Walikuwa wametumia boriti za Chunya zilizobaki, na Kasian ndiye aliyekuwa chini. Haikuwa kwa ushujaa. Yale mashimo ya mtoni yalikuwa yamekauka kabisa, na hata tope la kugombea na ng'ombe halikuwapo.

Waliyapata maji kabla ya mvua. Hayakuwa mengi, na mwanzoni yalitoka na rangi ya kutu. Wanawake walipanga foleni tangu alfajiri bila kuimba na bila kupigana. Mtoto mmoja kati ya wale watatu alikufa, wawili wakapona. Bwana Nilsi aliujengea ukingo ule ukuta wa mawe na saruji kwa mikono yake, na mwaka wake ulipokwisha aliondoka bila kuaga mtu zaidi ya Kasian na Evarista.

Evarista alibaki. Alichota maji yale kwa ajili ya zahanati, akayachemsha, akawaogeshea watoto wachanga wa watu. Mwenyewe, kwa muda mrefu, alikunywa chai tu. Maji matupu ya kisima kile yalimshinda kumeza.