Kata ya Sulevi

Mashine yetu ilikuwa na kazi moja tu: moyo wa kichanga ukisita, ipige king'ora. Alhamisi, siku moja kabla ya wakaguzi kuja kwetu Oulu, Finland, king'ora kilichelewa sekunde nne. Torsti, mwenye kampuni, alisema kikichelewa tena mbele yao tunafunga mradi.

Ndani ya mashine mna prosesa moja, ndiyo ubongo wake, na programu mia mbili zinaigombea. Mgawa zamu, programu niliyoiandika mimi, ndiye anayezituliza: huipa hii punje ya sekunde, huisimamisha katikati ya hesabu, hukumbuka ilipofikia, huita nyingine, na kila moja hudhani iko peke yake duniani. Miaka ishirini niko kwenye kazi hii na bado mwili hunisisimka. Programu ya king'ora niliipa cheo cha juu kabisa. Mchora skrini nikamweka katikati. Mwandishi wa kumbukumbu nikamtupa chini, kwani nani ana haja naye?

"Osmo, acha kuikodolea macho, haikuogopi," Torsti aliniambia saa kumi jioni. "Twende sauna. Alhamisi ni Alhamisi."

Tulikaa uchi benchi moja, bosi na mfagizi, kama kawaida. Kata ya kumwagia maji mawe ya moto ili yatoe mvuke alikuwa nayo Sulevi, mfagizi wetu, na kila akiinua mkono amwage, Jyrki wa mauzo alimshika bega amsimulie samaki wake.

"Mrefu hivi, Sulevi! Naapa!"

"Mwaka jana alikuwa mfupi."

"Sulevi, nipe kata, naganda huku!" Torsti alipiga kelele.

"Namalizia zamu yangu, bosi. Huyu haniachii."

"Jyrki, funga bakuli lako! Kuanzia sasa Sulevi ndiye mimi, mpaka anipe hiyo kata. Nani atamkatiza?"

Jyrki akanywea. Sulevi akamwaga, mvuke ukatupanda, kata ikamfikia bosi. Nami nikasimama ghafla hadi nikagonga kichwa darini.

Mashine yetu ilikuwa hivyo hivyo: king'ora changu, mkubwa wa wote, kilikuwa kinamngoja mwandishi wa kumbukumbu aachie kufuli la hifadhi ya data wanayoitumia wote wawili. Mwandishi naye alikatizwa kila mara na mchora skrini, aliyemzidi cheo. Nilikimbilia mezani na taulo kiunoni. Mgawa zamu aliijua dawa yake siku zote, ila mimi sikuwahi kumruhusu: anayengojwa na mkubwa aazimwe cheo cha mkubwa huyo, mpaka aachie.

Ijumaa mkaguzi alisimamisha moyo wa bandia. King'ora kililia kabla hajaondoa kidole kwenye kitufe. Watu wakapiga makofi, wakakisifu king'ora.

Mimi nilikuwa natazama mchoro wa zamu. Mstari wa yule niliyemtupa chini ulipanda hadi kileleni, ukakaa sehemu mbili kati ya elfu za sekunde moja, ukaachia kufuli, ukarudi chini mahali pake bila kudai kitu. Sijawahi kuona jambo zuri kama lile. Nililia mbele za watu, na sioni haya kusema.

Nilimkuta Sulevi koridoni akipiga deki.

"Nimekuja kukushukuru. Kwa ile kata."

"Joto la jana limekupanda kichwani," akasema. "Inua mguu, nipitishe hapo."

Nikainua mguu, nikangoja amalize.