Choo cha Kusaga cha Mzee Mayunga

Jumapili moja, baada ya chakula cha mchana, Mzee Mayunga Lugembe alijinyoosha kidogo, akaota kwamba choo kimekuja nyumbani kwake kwa miguu, kimepiga hodi mara tatu, na sasa kimeketi sebuleni kinasubiri kusalimiwa.

"Habari za safari?" akauliza Mzee Mayunga, maana mgeni ni mgeni.

"Njema, ila mna milima mingi," kikajibu choo.

Hakikuwa choo cha kawaida. Kilikuwa choo cha kusaga: cheupe, cha kukaa, na mgongoni kimebeba kisanduku chenye visu na pampu ya umeme. Ndicho kile ambacho ukoo mzima ulikuwa unakijadili tangu Machi, mama yake mzee, Bibi Nyanzobe, alipovunjika nyonga akaletwa Mwanza kutoka Magu ili auguzwe. Nyumba ya Mzee Mayunga imeng'ang'ania mawe ya mlimani kama mbuzi. Bibi alipewa chumba cha chini, ambacho hakina choo, na shimo la maji taka liko juu, nyuma ya jiko, kwa sababu chini ni mwamba mtupu.

Fundi bomba, kijana mmoja anaitwa Deusi, alikuja akatazama, akasema, "Mzee, uchafu haujui kupanda mlima. Labda usagwe uwe uji, halafu pampu iusukume." Akataka jibu siku ile ile. Hakujua anaongea na nani. Mzee Mayunga alikuwa mtendaji wa kata kwa miaka ishirini na sita. Hata kuhamisha mtungi wa maji kulitaka kikao. Akaitisha vikao vitano. Vikao vikiendelea, Bibi alitumia ndoo, na Nkwimba, mke wa Mzee Mayunga, yaani Mama Shija, ndiye aliyeipandisha juu na kuimwaga.

Sasa choo kinakohoa. Kinafungua kifuniko.

"Nimekuja kusikia uamuzi," kinasema.

"Suala lako liko kwenye mchakato."

"Mchakato ni nini?"

Mzee Mayunga anafikiri. "Ni kule suala linakokwenda likishakuwa suala."

"Basi nipe sababu za kuchelewa, nizisage. Kazi yangu ni hiyo."

Ombi hilo likamwingia akilini. Akatia mkono mfukoni, akatoa sababu ya kwanza: umeme hukatika. Ilikuwa ya kahawia, ngumu, ukubwa wa kiazi. Akaitumbukiza. Visu vikalia krrr, vikasimama.

"Umeniziba," kikasema choo kwa huzuni. "Hukusoma masharti? Sharti la kwanza: kisiingie humu kitu ambacho hakijapita tumboni mwa mtu. Hii yako imepita mdomoni tu."

"Nifanyeje?"

"Uile kwanza."

Mzee Mayunga hakuwahi kuvunja sharti lililoandikwa. Akaomba chumvi na ndimu, akaketi mezani. Ile ya umeme hukatika ilikuwa na ladha ya mkaa. Ile ya majirani watasumbuliwa na kelele ilikuwa nyepesi, ikateremka yenyewe. Ile ya tumsubiri shangazi wa Shinyanga ilikuwa na mfupa. Muhtasari wa kikao cha tano ulikuwa ngozi tupu. Aliutafuna mpaka taya zikauma, na bado ulikuwa na viambatisho. Alipomaliza, tumbo lilikuwa limevimba kama ngoma, nalo linaongea.

"Samahani," akanong'ona. "Choo kiko wapi?"

"Mimi hapa," kikasema choo. "Lakini sijafungwa. Niko kwenye mchakato."

Mzee Mayunga anatoka mbio kwa mlango wa nyuma, na mlango wa nyuma unamtokeza jukwaani, katika ukumbi wa kata. Ukumbi umejaa. Wananchi wote wameshika matumbo. Inasemekana kata nzima imefungiwa vyoo vya kusaga, na umeme umekatika tangu juzi.

Akisimama jukwaani, Mzee Mayunga husahau maumivu. Akashika kipaza sauti.

"Wananchi! Nawaomba utulivu. Kila mtu abaki na chake mpaka umeme utakaporudi."

Wanampigia makofi kwa mkono mmoja. Mwingine uko tumboni.

Mbele kabisa, kwenye benchi, ameketi Bibi Nyanzobe. Yeye hapigi makofi. Amenyoosha mkono.

"Maswali mwishoni, Mama," akasema Mzee Mayunga.

Mkono haukushuka. Ukarefuka. Mzee Mayunga akahutubia juu ya umuhimu wa subira katika maendeleo, na mkono ukafika kwenye feni. Akahutubia juu ya ushirikishwaji wa wazee, na mkono ukasukuma bati, ukachungulia nje, jua likaingia.

"Suala la bati litapelekwa kwa fundi wa kata," akasema bila kumtazama mama yake. "Katibu, tusomee mahudhurio."

Katibu alikuwa ndoo. Ndoo yenyewe ya bluu, yenye mshikio wa waya, ile ya chumba cha chini. Ikasimama, ikasoma kwa sauti ya mtumishi aliyenyimwa likizo.

"Mahudhurio. Mimi, siku tisini na nne. Mama Shija, siku tisini na nne. Mzee Mayunga, udhuru. Watoto, udhuru. Shangazi wa Shinyanga, udhuru na salamu." Ikafunga daftari. "Mwenyekiti, nina hoja moja. Nibebe."

"Nikubebe wapi?"

"Juu."

Na ukumbi haupo tena. Zipo ngazi za nje za nyumba yake mwenyewe, zile ishirini na tisa zilizochongwa kwenye mwamba, na ndoo imejaa. Mzee Mayunga anaishika.

"Nadhani ingefaa kwanza tukubaliane," anaanza, na ngazi nne zinaongezeka juu.

"Kwa nini?" Mbili zaidi.

"Hii si haki hata kidogo!" Tano.

"Neno moja, ngazi moja," ndoo ikamweleza. "Hotuba yako ya mwaka ule wa kichocho ingetufikisha Bukoba."

Kwa mara ya kwanza tangu akabidhiwe ofisi ya kata, Mzee Mayunga ananyamaza. Anapanda. Waya unamkata kiganja. Anabadili mkono, ndoo inayumba, tone linamwangukia mguuni, naye hasemi kitu. Harufu anaivuta yote, maana pumzi anaihitaji. Kwenye ngazi ya kumi na saba kuna jiwe lililolegea, na anashangaa kwamba halijui, naye ndiye mwenye nyumba. Kwenye ya ishirini anamkumbuka Nkwimba: kila asubuhi akipita hapa kabla ya chai, akinawa mikono mara mbili, kisha akimletea uji mezani, na yeye akilalamika kwamba sukari haitoshi. Aibu ikampanda kooni kama kiungulia. Akaimeza pia.

Alipofika juu, ndoo ikamtazama.

"Mama yako alinyoosha mkono. Alitaka kusema nini?"

"Sijui," akajibu Mzee Mayunga, na ngazi aliyoikanyaga ikaondoka chini ya mguu wake.

Aliamka akiwa kwenye kochi, katika kile chumba kidogo cha juu kilicho ubavuni mwa choo, chumba ambacho hukiita ofisi ingawa ni mwaka wa tisa tangu astaafu na hakuna aliyekuja na shida. Jua bado lilikuwa kali. Mafaili yalikuwa mahali pake. Nkwimba alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai.

"Baba Shija, umelalia nini? Hebu niuone huo mkono."

Katikati ya kiganja cha Mzee Mayunga kulikuwa na mstari mwekundu, mwembamba, umezama hasa.

Nkwimba aliutazama, akaweka kikombe chini, akafunua kiganja chake na kukiweka kando ya kile cha mumewe. Chake kilikuwa na sugu, mahali pale pale.

"Hiyo ni alama ya waya wa ndoo," akasema. "Umeibeba lini?"

Mzee Mayunga alishuka ngazi zote ishirini na tisa bila neno, akaliruka jiwe lililolegea, akamkuta mama yake kwenye kizingiti anachambua choroko.

"Mama, shikamoo. Ulitaka kusema nini?"

"Marahaba. Lini?"

"Kwenye kikao."

Bibi Nyanzobe hakuuliza kikao gani. Akapuliza makapi.

"Mimi sitaki mashine ambayo mpaka waturudishie umeme ndipo nijisaidie. Nikipata haja saa ya giza nitamwambia nani, transfoma? Nipe kile chumba chako cha pembeni mwa choo. Nibebwe ngazi hizi mara moja, nisishuke tena."

"Mama, ile ni ofisi."

"Ya nani?"

Mzee Mayunga akafumbua mdomo, akatazama kiganja chake, akaufumba.

Jumatatu vijana wanne wa jirani walimpandisha Bibi kwenye kiti, naye akawapungia watu njiani kama bi harusi. Jioni ile alikwenda chooni kwa hatua sita, na mkongojo, peke yake, akajifungia mlango kwa komeo. Alikaa humo muda mrefu kuliko haja. Nkwimba alimsikia akiimba.

Meza na mafaili viliteremshwa chumba cha chini, na Mzee Mayunga akavifuata, kwa kuwa hajui kulala mchana mbali na mafaili. Jumatano walikula maharage. Saa tisa alasiri alitoka ghafla katika ofisi yake mpya, akaanza kupanda ngazi mbio. Hakuzimaliza zote.

Deusi alipigiwa simu kabla suruali haijakauka. Ijumaa choo cha kusaga kikafungwa chumba cha chini. Kikao hakikuitishwa.