Saa Nne ya Asubuhi

Naomba ieleweke tangu mwanzo kwamba Kiingereza changu hakina kasoro. Nilikuwa karani wa shule Unguja miaka kumi na moja, barua zote za mwalimu mkuu niliandika mimi, na hakuna hata moja iliyorudishwa. Nayasema haya kwa sababu mke wangu Nunu na binti yetu Aida wameigeuza habari hii kuwa kichekesho cha kila mgeni anayeingia kwetu Bordesley Green, hapa Birmingham, Uingereza, na mimi, Mwadini, nina haki ya kuisimulia nilivyoiona.

Nunu anapika. Pilau yake ikifunuliwa tu, jirani yetu Raksha hugonga dirisha kuuliza kuna sherehe gani. Lakini kwa miaka sita hakupata nafasi ya kupika ila Jumapili, maana alikuwa akipiga deki katika hospitali kubwa, ghorofa hadi ghorofa, mpaka magoti yakawa yanamuuma hata akipanda kitandani. Mwaka 2004 nikamtengenezea tovuti kwa mikono yangu mwenyewe, kwenye kompyuta za maktaba: pilau ya harusi, sambusa, maandazi, namba ya simu, picha ya sinia. Baada ya mwaka mmoja, mtu akitafuta chakula cha Kiswahili Birmingham kwenye mtandao, wa kwanza sisi. Simu ikaanza kulia. Nunu akaaga hospitalini, akaikunja sare yake ya buluu akaizika chini kabisa ya sanduku. Siku ile nilijiona mwanamume kweli.

Maneno ya tovuti niliyatunga mimi kwa Kiingereza, pamoja na saa za kuchukua chakula. Aida, aliyezaliwa hapahapa, Kiswahili anakielewa lakini hujibu anavyojisikia. Aliyasoma mara moja tu akaanguka kochini kwa kicheko.

“Dad! Four in the morning? Nani anakuja kuchukua sambusa four in the morning?”

“Saa nne asubuhi,” nikamwambia. “Kwani tunafungua saa ngapi?”

“Ten, Dad! Ten! Na hii hapa, twelve in the evening, ndiyo nini?”

Nilijua, jamani. Nilijua tangu shule kwamba Mwingereza huanza kuhesabu saa zake usiku wa manane, na sisi tunaanza jua likichomoza. Kalamu tu ndiyo ilisahau. Lakini mtu akikucheka namna ile, utakubalije mbele yake? Nikamkataza asiguse hata nukta. Wateja wetu wengi walikuwa Waswahili, walisoma wakaelewa, na mzungu aliyetaka kitu alipiga simu kwanza, Nunu akampa saa yake. Ikabaki hivyo miaka mitatu.

Mwezi wa tatu wa mwaka 2007 simu ikanyamaza. Wiki ya kwanza tukasema ni baridi. Wiki ya pili nikaenda maktaba kutafuta, nikaona wa kwanza ni mkahawa mmoja wa mtaa wa Ladywood uitwao Kasri la Pilau. Sisi tumetupwa ukurasa wa pili, ambako hakuna anayefika. Nikahamia kompyuta nyingine, nikidhani ile ya kwanza ndiyo mbovu. Ya pili nayo ikasema yaleyale.

Nunu hakunilaumu. Alhamisi nilirudi nyumbani nikaikuta ile sare ya buluu imepigwa pasi, imetundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango wa chumba.

“Hospitalini wamesema naweza kuanza Jumatatu,” alisema. “Si vibaya, Baba Aida. Ni asubuhi tu.”

Niliumia. Afadhali angenigombeza. Yalinijia yale magoti yake, nikatoka nje nisimuonyeshe uso wangu.

Jioni ile Aida alizifungua tovuti zote mbili, yetu na ya Ladywood, kwenye kompyuta ndogo aliyoazima shuleni, akaziweka ubavu kwa ubavu. Hakuchukua muda.

“Dad, wamecopy kila kitu. Word for word.”

Akanieleza kwamba wenzetu wa Ladywood wametengenezewa tovuti nyingine mamia, zote zikiwaelekeza watu kwao, na kwa hiyo mtambo wa kutafutia mtandaoni umeamini kwamba wao ndio wenye maneno.

“Na sisi je?”

“Sisi ndio tumecopy. I mean, that's what it thinks.”

“Yaani mwizi ni mimi?”

“Kwa computer, yes.”

Damu ikanichemka. Aida akasema njia ziko mbili: kuandika malalamiko tungoje wiki kadhaa, au tubadilishe maneno yetu. Wiki kadhaa hatukuwa nazo, Jumatatu ilikuwa mlangoni. Na kubadilisha? Nihame nyumba yangu kwa sababu mwizi kaipenda? Nilikuwa bado nafoka nilipomwona Aida ameshika mdomo, mabega yanamtikisika. Alikuwa amefika chini ya ukurasa wa Ladywood. Ilikuwepo pale, haikuguswa: four in the morning mpaka twelve in the evening.

Ijumaa baada ya sala nikapanda basi hadi mjini, nikamalizia kwa miguu mpaka Ladywood, kurasa zote mbili zimechapishwa, ziko mfukoni. Njiani nilijiandalia hotuba kali. Mwenye mkahawa alikuwa mtu wa Mombasa aitwaye Azizi, pande la mtu, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Nikatoa salamu, akaitika, nikamwekea karatasi mezani.

“Maneno haya umeyatoa wapi?”

“Ni yangu, sheikh. Nimemweka fundi wa kompyuta akaniandikia. Nimeyasoma mwenyewe neno kwa neno, hayana kosa hata moja.”

“Wafungua saa ngapi?”

“Saa nne.”

“Hebu soma hapa.”

Akavaa miwani, akasoma kwa sauti, kidole kikifuata mstari. “Four in the morning. Saa nne asubuhi. Kosa li wapi?”

Hotuba yangu yote ikanipotea. Katika mji mzima huu nilikuwa nimempata mtu anayesoma kama mimi, na ndiye aliyeniibia. Nilitaka kumkunja shati na nilitaka kumkumbatia, sikujua nianze na lipi.

“Sisi tunaelewa,” nikasema. “Na wazungu wataelewa saa ngapi?”

Azizi akaitazama tena karatasi. Akahesabu kwa vidole, kisha akavua miwani taratibu.

“Wallahi! Ndiyo maana! Mimi nalala hapo juu, sheikh. Wiki mbili hizi kila alfajiri wazungu wanigongea mlango. Nilidhani ni walevi. Mmoja nimemmwagia maji dirishani!”

“Alikuja kula pilau.”

“Alikuja kula pilau!” Akapiga meza, na sote wawili tukacheka hadi tukafutana machozi kwa karatasi zake za mezani.

Tulipotulia nikamweleza kuhusu ile sare nyuma ya mlango. Hilo halikumchekesha. Akampigia simu fundi wake palepale, akafoka kuliko nilivyokuwa nimepanga kufoka mimi, na kabla chai haijaisha maneno yangu yalikuwa yameondolewa. Kisha akaniuliza ni nani hasa anayepika hiyo pilau kwenye picha ya sinia. Nikamwambia.

“Mimi ni mtu wa mishikaki,” akasema. “Pilau yangu mwenyewe huila kwa kujilazimisha. Nisamehe, ndugu yangu.” Akamwamuru fundi aandike ukurasa mpya wa mishikaki, na chini yake aweke mstari: anayetaka pilau ya harusi abonyeze hapa, aende kwa Bi Nunu.

Aida alipouona mstari ule alisema ni bora kuliko malalamiko yoyote, maana sasa yule mshindani ndiye anayetusukuma juu. Lakini mtambo haupiti kila saa kukagua kurasa. Jumamosi tulikuwa palepale. Jumapili asubuhi, palepale. Sare ilikuwa mlangoni na mimi sikuweza kuitazama. Baada ya alasiri Aida akapiga ukelele: wa kwanza sisi, wa pili Azizi. Magharibi simu ikalia, watu wanataka pilau kesho, kisha ikalia tena.

“Sasa nirekebishe zile saa?” Aida akauliza.

“Ziache,” Nunu akajibu kabla yangu. “Si ndizo zimemkamata mwizi?”

Nikalala usingizi wa mtoto. Jumatatu niliamka kumekucha, upande wa Nunu umepoa, na nyuma ya mlango msumari ni mtupu. Moyo ukanishuka. Nikadhani amekwenda hospitalini bila kuniaga, asinivunje moyo. Nikateremka ngazi kwa miguu mitupu.

Nunu alikuwa jikoni, anaepua sufuria ya pilau. Kila mkono ulikuwa na kitambaa cha buluu, kimekatwa sawasawa na kupindwa pembeni kwa uzi.

“Vaa viatu,” alisema. “Wateja wanakuja saa nne.”

“Saa nne za nani?”

“Zetu,” akasema, akanipa kijiko nionje.