Aliyeshika Viatu

Suruali ilikuwa imepindwa mguu mmoja tu pale mteja, mzee mmoja, alipoishiwa nguvu na kukaa chini, puu, katikati ya vitambaa. Fundi cherehani, dada anayeona haya hata kudai ujira wake, aliita teksi akamkimbiza hospitali. Kwa kuwa mzee alikuwa amevua viatu ili ajaribu suruali, fundi akavibeba mkononi. Hapo ndipo alipojiponza.

Muuguzi hakumtazama usoni. Alitazama viatu, akamfunga utepe wa buluu mkononi.

"Aliyeshika viatu ndiye mwenye mgonjwa. Kawaida yetu hapa. Hatoki getini mpaka bili ilipwe."

"Lakini mimi ni fundi wake tu..."

"Ndugu wote huanza hivyo hivyo."

Bibi harusi angekuja dukani jioni ileile kuchukua gauni, na gauni halikuwa na mikono. Fundi akakaa kwenye benchi, viatu mapajani, roho juu, akiomba watoto wa mzee wafike upesi.

Wakafika, kaka na dada yake. Wakasoma tangazo la kawaida hiyo ukutani; mikono yao ikaenda nyuma kama ya askari gwarideni.

"Naomba mshike viatu vya baba yenu," fundi alisema kwa sauti ya chini.

"Dada yangu, mkono unaniuma," alijibu kaka. "Halafu mimi na baba tunafanana tu. Si lazima uwe undugu."

"Mimi nimeolewa," alidakia binti. "Siku hizi ni wa ukoo mwingine."

"Ukoo mwingine?" kaka alimgeukia. "Jana si ulikula kwake?"

"Nilikula kama mgeni!"

Fundi akaviweka viatu kwenye benchi, katikati yao. Wote wawili wakaruka kama waliomwagiwa maji ya moto.

Karani wa malipo akachungulia dirishani. "Viatu visiachwe! Tukivikuta peke yake, tunavilaza wodini kwa bili yako."

Fundi akavikumbatia tena, machozi yakimlengalenga.

Mlango wa wodi ukafunguka. Mzee akatoka na soksi, mguu mmoja wa suruali ukiburura sakafuni. Ukuta wa wodi ulikuwa wa mbao nyembamba. Alikuwa amesikia yote.

"Nipe viatu vyangu, mwanangu."

"Mzee, ukivishika tu, deni ni lako," karani alionya.

"La nani mwingine? Mimi ni mtu mzima, na nimetibiwa mimi."

Karani akakuna kichwa. "Kisheria ndivyo. Mtu mzima hudaiwa mwenyewe, labda mwingine aweke sahihi ya kumdhamini. Ila hakuna aliyewahi kuuliza."

Mzee akakubaliana naye kulipa kidogo kidogo. Utepe wa fundi ukakatwa. Gauni lilimngoja, lakini mzee alikuwa anahangaika na kamba za viatu. Mkono uliochomwa sindano ulikuwa haukunjiki. Kaka akawa anasoma dari. Fundi akapiga magoti.

Binti akamgusa bega. "Acha, dada. Nenda kashone."

Akainama mwenyewe, akashika kiatu kwa mikono miwili. Muuguzi akatokea papo hapo, utepe mkononi.

"Nani ameshika viatu?"

"Mimi," alisema binti, bila kuinua kichwa. "Mimi ni mtoto wake."