Kamba ya Mke wa Mbishi

Mbishi hakupewa jina hilo bure. Mtaalamu wa kilimo alipowafundisha yeye na mkewe kupanda mpunga kwa mistari, mche mmoja mmoja kwa kufuata kamba, Mbishi alicheka mpaka akashika mbavu.

“Mama watoto, unalima au unashona shati?”

Mkewe alipanda nusu yake ya jaruba kwa kamba, na Mbishi akachomeka miche ovyoovyo kwenye nusu yake, kama alivyozoea.

Magugu yalipoota, mkewe alisukuma kimashine cha kupalilia katikati ya mistari, amesimama wima, akamaliza mapema, akaketi kwenye tuta kunywa chai. Mbishi alikuwa bado ameinama, kiuno kinamwaka moto.

Mkewe alipokwenda kuosha kikombe, Mbishi alikinyakua kile kimashine, akakisukuma upande wake. Kiling’oa mpunga, magugu yakabaki yanamtazama.

“Vipi, baba watoto?” mkewe aliuliza nyuma yake.

“Nakikagua tu.”

Msimu uliofuata majirani walimkuta Mbishi ameshika ncha ya kamba, anamgombeza mkewe kwamba mstari wake umepinda.