Noti ya Chini ya Wimbo wa Nne

Siku ile mpumbavu nilikuwa mimi. Nalisema mapema msije mkapoteza muda kumtafuta mwingine. Enos, yule Mpokomo mwenye mtumbwi, hana hatia, na dada yangu Kaltuma hajapata kuwa mpumbavu hata kwa bahati mbaya. Mimi ndiye niliyesimama ukingoni mwa Tana saa tatu asubuhi, maji ya bara yakipanda na kuramba mizizi ya mikuyu, kando yangu spika yenye kimo cha beberu, na usoni tabasamu la bwana arusi.

Kisa kilianzia kwenye kaseti. Zamani nilikuwa utingo wa lori lililokwenda baina ya Garissa na Malindi, na dereva wangu, Mzee Dukicha, alikuwa na kaseti moja tu: muziki wa roki wa Kizungu, wa miaka ya sabini. Karatasi yake ilikuwa imebanduka kabla sijazaliwa. Hatukujua jina la bendi, wala la albamu, wala la wimbo hata mmoja, na Kiingereza chenyewe kilitupita kama gari la mkubwa, kwa vumbi na bila salamu. Lakini mtu akisikia kitu kimoja kwa miaka sita, mara nyingi akiwa amekwama kwenye tope, huacha kusikiliza maneno akaanza kusikiliza mifupa. Dukicha alipoacha usukani alinirithisha kaseti ile. Nikawa fundi wa simu na redio hapa Garsen, nikaihamishia kwenye flashi, na jioni baada ya jioni nikawa naichambua kwa ujumbe wa sauti katika kundi la watu saba wenye maradhi kama yangu. Mmoja ni mwalimu wa Hola, mwingine ni mvuvi wa Kipini. Waliobaki siwajui hata sura.

Kwa kuwa nyimbo hazikuwa na majina, nilizibatiza mwenyewe. Wa kwanza niliuita Lori, kwa sababu mpiga dramu anachelewa unywele mmoja nyuma ya gitaa, kama injini yenye silinda moja inayogoma; ukimsahihisha, wimbo unakufa. Wa pili ni Ugomvi. Magitaa mawili, moja sikio la kushoto, jingine la kulia, na hakuna linalongoja mwenzake amalize. Katika ubeti wa tatu la kushoto linanyamaza ghafla, na hapo ndipo unapojua nani alikuwa na makosa. Wa tatu ni mfupi, kinanda na mwimbaji tu, na kabla ya kila mstari unamsikia akivuta pumzi, kama mtu anayejiandaa kutumbukia kwenye maji baridi. Niliwaambia wenzangu kwamba pumzi zile ndizo wimbo wenyewe. Maneno ni mapambo.

Wa nne ndio ulionitia wazimu. Una dakika tisa. Ala zinajiondoa mojamoja kama wageni wanaoaga, mpaka unadhani kaseti imekwisha. Kisha chini kabisa, mahali ambapo sikio halifiki, inaingia noti moja ya besi. Haipandi, haishuki. Huisikii hasa, inakushika tumbo. Inakaa hapo karibu dakika nzima kabla wenzake hawajarudi kwa kishindo. Mimi nilishikilia kwamba mpiga besi alilegeza uzi wake mnene mpaka ukaning'inia, akaugusa kwa kidole gumba, kisha akauacha useme wenyewe.

"Hiyo si noti, fundi," Enos aliniambia siku aliyoleta redio yake. Enos huimba sauti ya nne kanisani, ile ya besi, hivyo sikio lake si la kudharauliwa. "Huo ni mkanda uliochoka. Unakoroma."

"Mkanda unakoroma kwa mpangilio?"

"Hata mjomba wangu anakoroma kwa mpangilio."

Tulicheka. Nilimwambia iko siku nitamthibitishia. Sikujua ninaomba nini.

Mwezi ule mvua ilinyesha bara mfululizo na mto ukaanza kuvimba. Watu walichomeka vijiti ukingoni kupima maji, na kila asubuhi kijiti cha jana kilikuwa hakionekani. Ng'ombe wa Kaltuma walikuwa wamebaki ng'ambo, kwenye kipande cha nyasi kati ya mto na mkondo wa zamani, na kipande hicho kilikuwa kinapungua kama sabuni. Mumewe, Guracha, alikuwa amevunjika mguu na amelazwa mjini. Mifugo yote iliyobaki ya nyumba ile ilikuwa wale ng'ombe kumi na mmoja: mbele yao Dima, jike mwekundu aliyewaongoza wengine, na nyuma kabisa mtamba wake wa kwanza, ambaye hajazaa bado. Wasipovushwa siku hiyo, kesho yake wangekuwa wanaelea.

Kuvusha kwetu kuna utaratibu. Mpokomo hupiga kasia. Mwenye ng'ombe hukaa nyuma ya mtumbwi, ameshika kamba ya ng'ombe wa mbele, anamwita kwa sauti anayoijua, wengine hufuata. Dima hakumfuata mtu ila Kaltuma, kwa kuwa ndiye aliyemkamua. Na ukingoni hubaki watu wa kelele, kuwafukuza mamba. Hugonga madebe, hupiga mayowe, huchapa maji kwa fimbo, na hawanyamazi mpaka mkia wa mwisho utoke majini. Siku mbili kabla, mamba alikuwa ameondoka na mbuzi wa watu pale pale kwenye gati la kuchotea maji. Kwa hiyo hakuna aliyekuwa na haja ya kuelezwa.

Enos alinivusha mapema hadi ng'ambo kwenye ng'ombe, pamoja na majirani wawili, Kassim na Hamdi, kila mmoja na debe lake. Mimi nilikuja na spika. Ilikuwa ya Fumo wa Kipini, anayepiga muziki kwenye arusi, aliyeniachia niitengeneze. Ilikuwa na betri yake na magurudumu yake, na ilipoketi ndani ya mtumbwi maji yalibakiza vidole vitatu kuingia.

"Debe, fundi," Enos alisema tulipoishusha. "Mto unataka debe."

"Debe ni la babu yako. Hii ni madebe ishirini."

"Babu yangu alisema ngoma haipigwi mtoni wakati wa kuvusha."

"Kwa nini?"

Alifikiri kidogo. "Hakusema."

"Basi alikuwa hajui kucheza," nilimjibu, na Kassim na Hamdi wakacheka.

Kaltuma, aliyekuwa ametangulia kuvuka, hakucheka. Alikuwa anaifunga kamba ya Dima, na bila kuinua kichwa alisema, "Mukhtar, hicho kitu kitanyamaza nikikwambia kinyamaze?"

"Dada, wewe inua mkono tu."

Akaingia mtumbwini. Nilichomeka flashi, na mpiga dramu wangu mchelewaji akaanza kulitikisa bonde zima. Ndege walitawanyika kutoka mikuyuni. Majirani waliweka madebe chini wakaja kuishangaa spika, nami nikawaeleza habari ya silinda inayogoma. Kusema kweli mwanzo ulikuwa mzuri. Ng'ombe waliingia majini mmoja baada ya mwingine, vichwa juu, pua zikipuliza, na mtumbwi ukatangulia polepole.

Siku nyingine wangekuwa wamefika kabla Ugomvi haujaisha. Siku hiyo mto ulikuwa umepanuka maradufu na mkondo uliwasukuma chini, ikawa lazima Enos apige kasia akiukabili. Wimbo wa pili ukaisha. Wa tatu ukaja na pumzi zake. Walikuwa katikati kabisa, na kutoka nilipokuwa vichwa vya ng'ombe vilionekana vidogo kama vifuu vya nazi.

Wa nne ulipoanza nilitoa simu. Nikawaza: lini tena nitaisikia noti yangu kwenye spika ya kiasi hiki? Nilisogea hatua ishirini kutoka kwenye spika, nikainua simu, nikaanza kurekodi kwa ajili ya kundi. Ala zikaaga, gitaa, kinanda, dramu. Kimya cha wimbo kikaingia. Mtoni napo kukawa kimya, kwa kuwa madebe yalikuwa chini, na hili halikunigutusha hata kidogo. Kisha noti ikaja.

Niliipata kwanza kwenye nyayo. Mchanga ulikuwa unatetemeka. Maji ya ukingoni yalijaa mikunjo midogo, kama ngozi ya mtu aliyesikia baridi. Nilifurahi mno. Nilimtazama Enos nikitaka ajue kwamba nimeshinda, nikamwona Kaltuma amenigeukia, kinywa wazi. Mikono yake yote miwili ilikuwa kwenye kamba. Nikadhani anamwimbia Dima. Nikampungia mkono.

Na hapo noti ikawa mbili.

Ya pili haikutoka kwenye spika. Ilitoka kwenye matete ya ukingo wa pili, pale walipokuwa wanaelekea, noti ile ile, chini vile vile, ila yenye uhai ndani yake. Mbele ya matete maji yalikuwa yanaruka juu kwa matone madogo, kama mafuta kwenye kikaango, na chini ya matone hayo kulikuwa na mgongo. Mgongo ulitetemeka, ukazama, ukainuka tena. Mwingine akaitikia kutoka upande wa juu wa mto, sehemu ambayo sikuiona. Ndipo nikafahamu kwa nini babu yake Enos hakutaka ngoma. Madume yale ya mamba yalikuwa yamesikia katika noti yangu dume mgeni, mkubwa kuliko wote, akitangaza kwamba mto ni wake. Yalikuwa yanakuja kumjibu.

Mwili wangu ulikataa kuondoka. Miaka niliyokaa juu ya malori nimeona majambazi, nimeona breki zikikatika mteremkoni, na kila mara nilipata la kuchekesha la kusema. Pale sikupata neno. Kisha nilikimbilia spika, nikaanguka, nikainuka, nikaing'oa flashi.

Kimya kilichofuata kilikuwa kibaya kuliko noti. Mgongo haukuwepo tena. Matone hayakuwepo. Maji yalikuwa yamejifunga kama mlango, na chini ya mlango huo kulikuwa na kitu kinachotembea, na baina yake na dada yangu kulikuwa na ubao wa mtumbwi tu. Dima alikuwa amegeuka. Kamba ilimvuta Kaltuma mpaka bega lake likagusa maji, mtumbwi ukalala ubavu, na Enos akajitupa upande wa pili kuusawazisha.

"Madebe," nilisema. Nilidhani nimepiga kelele, lakini Hamdi anasema nilinong'ona.

Tuligonga. Niliingia majini mpaka kiunoni bila kujua nimeingia, nikagonga debe kwa jiwe, kwa ngumi, kwa simu yenyewe. Tukapiga mayowe mpaka koo zikachanika. Katikati ya mto Kaltuma alikuwa amelaza shavu lake karibu na sikio la Dima, anasema naye, na polepole, kwa hatua ambazo nilizihesabu kama mtu anayehesabu pumzi za mgonjwa, yule jike mwekundu akageuza kichwa kuelekea Garsen. Wengine wakamfuata.

Wa mwisho hakugeuka. Kichwa chake kilikuwa juu ya maji, kisha hakikuwa. Hapakuwa na sauti. Hata wimbi halikuwa kubwa.

Walitoka kumi ng'ambo ya pili. Enos alirudi kutuchukua, na nilipokalia ubao wa mtumbwi alinipa debe. Nililigonga njia nzima, na spika ya Fumo tukaiacha pale pale chini ya mkuyu, kwa kuwa hakuna aliyetaka kuigusa.

Siku tatu sikufungua kibanda. Maji ya ndoo yalinitisha. Lori likipita barabarani na injini yake ya chini, nilishika tumbo. Lakini simu haikufa, na siku ya tatu, kwa kuwa sijui kukaa na hofu bila kuitania, niliituma ile rekodi kwenye kundi. Wakarukwa na akili. Mwalimu wa Hola aliandika kwamba hajapata kusikia uchambuzi wenye ushahidi kama huo: mamba hadanganyiki na mkanda uliochoka. Hata Enos alikuja akasimama mlangoni, akasema, "Haya, ni noti," akaenda zake.

Nilikwenda kwa Kaltuma jioni hiyo. Njiani nilikuwa nimepanga kuomba radhi, na maneno nilikuwa nayo. Nikamkuta amechuchumaa chini ya Dima, mkono mmoja umevimba kuanzia kifundo mpaka kiwiko mahali kamba ilipopita, mwingine unakamua. Kibuyu kilikuwa kitupu. Tangu siku ile Dima alikuwa amekataa kushusha maziwa. Alisimama ameelekeza masikio mtoni. Nikaona kibuyu, nikaona mkono, na ulimi wangu ukafanya unachofanya siku zote ninapoogopa.

"Enos amekubali," nilisema. "Kumbe ni noti kweli."

Alihamisha mkono kwenye chuchu nyingine.

"Na ukitazama vizuri, dada, imetusaidia. Mamba alikuwa pale pale kwenye matete, anawangoja. Bila wimbo asingetoa sauti, mngemfikia mdomoni. Mimi nilimwita, akaitika, mkajua alipo. Kidogo hapo nina haki yangu."

Alikamua mara moja zaidi, polepole, hakikutoka kitu. Akaegemeza paji la uso kwenye ubavu wa ng'ombe.

"Mamba ulimwita mara moja," alisema, "akakuitikia. Mimi nilikuita mara tatu."